Picha za Mitaa ya New York

Kila mji mkubwa una habari zake. Habari za wakuu na matajiri huandikwa vitabuni, na sanamu zao husimamishwa viwanjani. Lakini habari za mchukuzi, za mfuaji nguo, na za mtoto auzaye magazeti barabarani, ni nani azitunzaye? Iko kazi moja iliyozitunza sana, nayo ni kazi ya kupiga picha mitaani. Mtu huchukua kamera yake, akaenda vichochoroni na sokoni, akapiga picha za watu mahali pale pale wanapoishi. Wahenga husema, “Macho hayana pazia.” Lakini mara nyingi mtu huyatilia macho yake pazia mwenyewe, asione asichopenda kuona. Picha njema huliondoa pazia hilo, kama ilivyotokea katika mji wa New York, nchi ya Marekani.

Jacob Riis alizaliwa mwaka 1849 katika mji mdogo wa Ribe, nchi ya Denmark. Baba yake alikuwa mwalimu, naye Jacob alijifunza useremala. Mwaka 1870, akiwa kijana wa miaka 21, alipanda meli kwenda Marekani kutafuta kazi. Hakupata kazi ya kudumu. Akazunguka huku na huko, akashinda na njaa. Usiku mmoja wa mvua alilala katika kituo cha polisi, mahali walipolazwa watu wasio na makao, wamebanana juu ya mbao. Humo akaibiwa kidani chake cha dhahabu, na aliposhtaki akatolewa nje. Mbwa mdogo aliyekuwa akimfuata alijaribu kumtetea, na askari akamwua mbele ya macho yake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Basi Riis aliyajua mateso ya maskini kwa kuyapata, wala si kwa kuambiwa.

Mwaka 1877 alipata kazi ya kuandika habari katika gazeti. Kazi hiyo ilimpeleka usiku na mchana mahali palipotokea moto, maradhi na mauaji. Mwaka 1890 New York ilikuwa na watu wapatao 1,500,000, na wengi wao walikuwa wageni waliotoka Italia, Ireland, Ujerumani, Urusi na nchi nyingine, au watoto wa wageni hao. Watu zaidi ya milioni moja walikaa katika nyumba za kupanga za ghorofa, zilizosongamana, na vyumba vingi vya ndani havikuwa na dirisha hata moja. Watoto wachanga walikufa humo kwa wingi. Riis aliandika, akaandika tena. Lakini wenye nguvu za kutengeneza mambo walisoma, wakageuza ukurasa. Akatambua ya kuwa maneno matupu hayatoshi, yafaa watu waone.

Lakini kuonyesha kulikuwa na shida yake. Kamera ya siku zile ilikuwa sanduku lililosimama juu ya miguu mitatu. Ndani yake mlitiwa kioo kilichopakwa dawa yenye madini ya fedha. Mwanga ulipokiangukia kioo, dawa iligeuka. Kioo kilipooshwa kwa dawa nyingine, palipopata mwanga mwingi palikuwa peusi, na palipopata mwanga kidogo palibaki peupe. Kisha kwa kioo kile picha ilitolewa juu ya karatasi. Basi pasipo mwanga hapana picha, na vichochoro na vyumba alivyotaka Riis kuvionyesha vilikuwa na giza hata mchana.

Mwaka 1887 alisoma gazetini ya kuwa Wajerumani wamevumbua unga wenye magnesiamu, ambao ukiwashwa hutoa mwanga mweupe mkali sana, kwa muda wa kupepesa jicho tu. Mara akawatafuta marafiki waliojua kupiga picha, wakatoka pamoja usiku. Hapo kwanza waliulipua unga kwa chombo mfano wa bastola, na wenyeji wa nyumba, walipoona wageni wenye silaha usiku wa manane, wakakimbia kwa madirishani. Baadaye Riis aliuwasha unga katika kikaango cha jikoni. Mwaka 1888 alinunua kamera yake mwenyewe kwa dola 25. Kazi ile ilikuwa ya hatari. Mara mbili aliwasha moto nyumba alizoingia, na mara moja nguo zake mwenyewe. Siku moja alikuwa akipiga picha ya vipofu katika chumba cha juu, akaona karatasi za ukutani zinawaka. Wenye chumba hawakuuona moto ule. Ikampasa kuuzima peke yake.

Tutazame picha mbili za wakati ule. Ya kwanza ni ya chumba kimoja katika mtaa wa Bayard. Chumba hakikufika futi 13 kila upande, na usiku ule watu 12 walilala humo, wengine vitandani, wengine chini, kwa malipo ya senti 5 kila mmoja. Mwanga umewashtua usingizini. Nyuso zao zimevimba kwa uchovu, na viatu na masanduku vimerundikana kando yao.

Ya pili ni ya mwaka 1888, katika kichochoro cha mtaa wa Mulberry. Wanaume wamesimama pande mbili, wakiikazia kamera macho, na mmoja ameshika fimbo. Picha hii iliitwa kwa jina lenye maana ya “Maskani ya Wanyang’anyi”. Lakini mtazamaji akiinua macho huona kamba nyingi zimetandwa juu ya vichwa vyao, na nguo zilizofuliwa zimeanikwa. Kumbe, hapo pana watu waliochota maji, wakafua, wakatunza nyumba zao! Jina la picha lasema neno moja, na picha yenyewe yasema zaidi. Kwa hiyo mwenye busara hasomi maneno ya chini ya picha tu, bali huichunguza yote, pembe hata pembe.

Riis alizionyesha picha hizo makanisani na katika kumbi, kwa taa iliyozitupa ukutani zikawa kubwa. Mwaka 1890 akatoa kitabu, nacho kikasomwa sana. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani baadaye, alikisoma, akaenda kumtafuta mwandishi ili amsaidie. Mwaka 1895 Roosevelt alipowekwa kuwa mkuu wa halmashauri ya polisi ya New York, walitembea pamoja mitaani usiku. Na mwaka 1896 malazi yale ya vituo vya polisi yakafungwa. Nyumba mbovu za pembe ya Mulberry zilivunjwa, na mwaka 1897 bustani ikafunguliwa mahali pake, ingawa waliokaa pale ilibidi watafute makao kwingine.

Hata maji yalipigwa picha. Mwaka 1891 Riis aliifuata mito iliyoleta maji ya kunywa mjini, akapiga picha za uchafu uliotiririkia humo. Akamwuliza daktari, vijidudu vya kipindupindu huishi siku ngapi katika maji yaendayo? Akajibiwa, zipatazo saba. Na maji yalifika mjini kwa siku zisizozidi nne. Picha na hesabu hiyo zilipotoka gazetini, mji ulinunua ardhi ya kandokando ya mito ile ili maji yasiharibiwe.

Hata hivyo Riis hakuwa mtu asiye na kosa. Mara nyingi aliingia bila kubisha hodi, akawapiga picha watu bila idhini yao. Tena aliandika kwa dharau juu ya mataifa mengine, kama Wachina na Waitalia, kana kwamba wote wana tabia moja. Na wengi wa watu waliomo katika picha zake hawajulikani majina yao hata leo. Mji ulipata faida kwa nyuso zao, nao wenyewe hawakuulizwa neno. Apigaye picha ya jirani yake amechukua kitu chake, na yampasa kukichukua kwa heshima.

Riis alifariki mwaka 1914. Vioo vyake vilisahauliwa, hata katika miaka ya 1940 vikapatikana, vikawekwa katika Makumbusho ya Mji wa New York. Mtu akiitazama leo picha ya chumba kile cha mtaa wa Bayard, hawezi kusema ya kuwa shida ile haikuwako. Walalao sakafuni wanamtazama.

Maswali

1. Kwa nini maneno ya Riis gazetini hayakutosha?
2. Eleza jinsi picha ilivyopatikana kwa kioo.
3. Nguo zilizoanikwa katika kichochoro zatufundisha nini?
4. Je, ni haki kumpiga mtu picha bila idhini yake, ikiwa picha ile itawafaa wengi? Toa sababu zako.