Godoro Juani

Mwezi wa Julai, baridi ya Mlima Meru inaposhuka hata maji ya mtungini yakauma vidole, huwezi kupita asubuhi katika vichochoro vya Sakina au Ngaramtoni usilione godoro limeanikwa uani mapema, na kando yake mtoto wa miaka saba au minane anayejifanya hana habari nalo, ilhali majirani wote wamekwisha kujua ni la nani.

Mtoto huyo huitwa kikojozi, na wenziwe humwimbia kwa kejeli. Nami naliona jina hilo kuwa dhuluma, kwani humtia mtoto hatiani kwa jambo lililompata usingizini. Matabibu wanasema kwamba katika kila watoto 100 wa miaka mitano, wapatao 15 hukojoa kitandani, na kwamba kila mwaka upitao kiasi cha 15 katika kila 100 wa hao huacha wenyewe, bila dawa wala fimbo. Nasaba nayo ina sehemu yake: ikiwa baba na mama wote wawili walikuwa na hali hiyo utotoni, watoto wao wapatao 77 katika 100 huwa nayo, akiwa mmoja tu, 44. Basi yule baba ashikaye fimbo alfajiri, laiti angemwuliza mama yake mzazi, pengine angesikia habari za godoro lake mwenyewe.

Yuko mtoto mwingine, aliyekwisha kulala mkavu miezi sita au zaidi, kisha akaanza upya. Akiwa na kiu isiyokatika, akikonda, au akilia maumivu akikojoa, apelekwe hospitali upesi, maana huenda ikawa kisukari au maradhi ya njia ya mkojo. La sivyo, aghalabu chanzo kimo nyumbani: amezaliwa mdogo wake, wazazi wameachana, pana msiba, au amepelekwa shule ya bweni angali hajui kufunga kamba za viatu, naye hana maneno ya kuyaeleza hayo.

Tena choo chenyewe kiko nje, nyuma ya migomba, na kiza ni totoro. Mtoto aliyeamka na haja humkumbuka fisi wa hadithi ya jioni, akajikunyata hata usingizi ukamchukua tena. Nimemwona bibi mmoja huko Ngaramtoni ambaye, mjukuu wake akigutuka tu, hujifunga kanga ya pili, akatwaa tochi, akamwambia, “Amka, baba, twende wote,” kisha akasimama mlangoni mwa choo, akimwitikia kila aitapo, mpaka amalize.