Ada ya Shule ya Msingi

Atakaye kujua dola ya Kiafrika imeumbwa na nani, asiishie kuitazama bendera yake wala kuisoma katiba yake, bali aulize ada ya shule ilifutwa lini, ikarudi lini, na kwa shauri la nani. Kwa Tanzania jawabu la suali hilo limo katika muda usiotimia miaka thelathini.

Ada ya shule ya msingi ilifutwa 1973, na mwaka uliofuata Halmashauri Kuu ya chama tawala cha TANU, ikikutana Musoma, ikaazimia kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa kusoma awe darasani. Walimu hawakutosha, hata vijana waliomaliza darasa la saba wakakabidhiwa chaki huku wenyewe wakiendelea kufunzwa ualimu, nao ndio wale tuwaitao walimu wa UPE, yaani wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Wako wanaowabeza, nami naona kuwabeza ni kuwadhulumu, kwani kwa mikono yao hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, karibu watoto wote wa nchi maskini kama yetu walikuwa wameandikishwa shule. Wageni walikuwapo zama zile pia: nchi za Skandinavia zilikwisha jenga kituo cha elimu cha Kibaha, na Sweden ikasaidia elimu kwa miaka mingi, lakini msaada ule uliifuata nia iliyokwisha kunuiwa nyumbani.

Mkopo uliokuja baadaye ulikuja na nia yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokwisha kuvunjika 1977, vita vya Kagera vikaikausha hazina, na bei ya mafuta ikapanda, Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka shilingi ishushwe thamani na matumizi ya serikali yapunguzwe. Mwalimu Nyerere alikataa. Edwin Mtei, waziri wake wa fedha, aliyeona kwamba hapana budi kupatana, akajiuzulu mwaka 1979. Ubishi uliendelea hata Mwalimu akang'atuka, na 1986 serikali ya Rais Mwinyi ikatia saini mapatano na Shirika hilo. Katika miaka hiyo ya dhiki mzazi alianza kudaiwa tena shuleni, kisha hospitalini, na jambo hilo likapewa jina la upole, kuchangia gharama. Maelfu ya watoto wakabaki nyumbani.

Ajabu ni kwamba 2001, nchi iliposamehewa sehemu ya madeni yake, Benki ya Dunia, ambayo zamani ilihimiza uchangiaji, ilitoa mkopo kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, na ada ikafutwa mara ya pili. Watoto wakafurika hata madarasa yakashindwa kuwameza. Waliokwisha pitwa na umri waliwekewa darasa lao, MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, na humo wakaketi vijana wa miaka kumi na moja hata kumi na minane, wakijifunza kuandika majina yao.