"A" au "an": sikio ndilo hakimu

Mwanafunzi wa Nyabiondo, huko Masisi, hukikuta Kiingereza akiwa tayari na Kiswahili cha sokoni na Kifaransa cha darasani. Kiswahili hakidai kijineno mbele ya nomino: "nimeona mbuzi" yatosha. Kifaransa hukidai, ila "un" na "une" hufuata jinsia. Kiingereza husikiliza sauti inayofuata tu: "an hour", kwa kuwa h haitamkwi, "a university", kwa kuwa neno huanza kwa sauti "yu". Atakayesema Kifaransa chatosha kumwongoza akumbuke majina ya kazi: "il est professeur" haina kijineno, ilhali Kiingereza hulazimisha "he is a teacher". Basi mwalimu aanze na sikio, herufi zifuate.