Unauza Mayai ya Kutotolesha Mtandaoni? Anza na Chakula cha Kuku Wako

Leo naongea na wale mnaouza mayai ya kutotolesha na vifaranga kupitia WhatsApp, Facebook na Instagram, mwenye kuku wazazi kumi, kumi na tano, ishirini hivi nyuma ya nyumba. Wa mayai ya kula mnaweza kusoma pia, ila presha yenu ni ndogo. Mteja wa yai la kula anajua ndani ya dakika tano kama umemuuzia kitu kizuri. Mteja wa yai la kutotolesha anajua baada ya siku 21. Siku zote hizo amelipa mayai, amelipa basi, amelipa umeme wa mashine, halafu anafungua anakuta nusu ni mayai viza. Huyo akirudi inboksi harudi na salamu.

Nina duka dogo la vyakula vya mifugo, kwa hiyo ugomvi huu nausikia kutoka pande zote mbili. Muuzaji anasema mashine ya mteja mbovu. Mteja anasema jogoo wa muuzaji mzee. Wachache sana wanauliza yule kuku aliyetaga alikuwa anakula nini, na mara nyingi jibu liko hapohapo.

Fikiria hivi. Mbuzi mwenye mimba ukimlisha vibaya wiki hii, wiki ijayo unaweza kurekebisha, maana mtoto bado anapokea kutoka kwa mama. Yai likishatoka limefungwa. Alichoweka mama ndicho hichohicho mpaka siku ya 21, hakuna nyongeza. Na kuku hakupi dalili. Anaweza kutaga yai kubwa, gamba gumu, ukilikaanga tamu kabisa, na bado ndani hakuna vitamini za kumfikisha kifaranga mwisho wa safari.

Sasa utajuaje kama tatizo ni chakula na siyo mashine? Vunja mayai viza. Najua harufu yake, vaa barakoa, lakini vunja. Na mteja akilalamika mtandaoni, kabla hujaanza kubishana naye mwombe avunje matano au sita akutumie picha. Ukiona yai jeupe ndani, halijaanza kitu, hapo ni mbegu: jogoo hapandi, au jogoo mmoja amepewa kuku wengi mno. Jogoo mmoja kwa kuku 8 mpaka 10 inatosha. Ukiona duara la damu tu, amekufa siku za mwanzo, mara nyingi yai lilikaa sana kabla ya kuwekwa, lilipigwa na joto njiani au mashine ilianza vibaya. Ukiona kifaranga kamili, amejaa yai zima, amefia mlangoni, hapo mwulize mteja kuhusu joto, unyevu na ugeuzaji wa mayai.

Lakini ukikuta kifaranga wa katikati, wa kama siku ya 8 mpaka 17, amejiumba lakini hajajaa yai, na wako wengi wa namna hiyo, ndugu yangu mteja hana kosa. Hicho kipindi cha katikati, mashine ikiwa sawa, ndicho kinachosema ukweli kuhusu chakula cha mama. Ukosefu wa vitamini B2 unaua hapo. Manyoya ya hao waliokufa unaweza kuyakuta mafupi, yamejikunja kama virungu vidogo. Wale wanaofanikiwa kutoka, baadhi wanakuwa na vidole vilivyokunjamana kwa ndani, wanatembelea vifundo. Watu wengi wakiona hivyo wanasema ni ugonjwa, wanakimbilia antibiotiki. Antibiotiki haiongezi vitamini kwenye yai lililotagwa mwezi uliopita.

Kwa ninavyoona dukani, kuna makundi mawili. Kundi la kwanza linalisha pumba tupu na mabaki ya jikoni. Kuku wa kienyeji anayezurura shambani atajitafutia wadudu na majani, atapona. Lakini ukimfungia bandani ili usimpoteze, ukaendelea kumpa pumba tu, umemnyima alichokuwa anajitafutia na hujampa mbadala.

Kundi la pili linanunua chakula cha kuku wa mayai cha dukani, kile cha layers, na linaamini limemaliza. Hapa watu hushangaa nikiwaambia. Kile kimetengenezwa ili kuku atage mayai ya kuliwa. Protini ipo, chokaa ipo nyingi kwa ajili ya gamba. Vitamini zake zinamtosha kuku kutaga, siyo lazima zitoshe kutengeneza kifaranga. Halafu jogoo wako anakula sahani hiyohiyo, na jogoo hatagi. Chokaa yote ile haina kazi mwilini mwake, ikizidi muda mrefu inamsumbua figo.

Kwa kundi dogo, kuchanganya mwenyewe kunawezekana. Tuchukue kuku 10 na jogoo 1. Kuku mkubwa anakula kama gramu 120 kwa siku, hivyo 11 wanakula kilo 1 na gramu 300 na kidogo. Kilo 20 zinawapeleka wiki mbili. Usichanganye ya zaidi ya hapo, hata kama bei ya jumla inakuvutia, kwa sababu vitamini zinapungua nguvu zikikaa kwenye joto, na mafuta ya soya na dagaa yanachacha.

Mchanganyo ninaowapa wateja wangu: mahindi ya kuparaza kilo 10, pumba za mahindi kilo 2 na nusu, mashudu ya alizeti kilo 3 na nusu, soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 1 na robo, dagaa waliosagwa kilo 1 na gramu 600, unga wa mifupa gramu 400, chokaa ya mifugo gramu 400, chumvi gramu 50, na premiksi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko wake. Protini inakuja kama asilimia 16 au 17, kutegemea ubora wa mashudu na dagaa uliopata. Premiksi na chumvi usivimwage juu ya lundo. Changanya kwanza na kilo moja ya unga wa mahindi, halafu hiyo kilo ndiyo uisambaze kwenye lundo, la sivyo kuku mmoja anakula vitamini za wiki na wengine wanakosa.

Mwenye macho ameona chokaa ni kidogo. Ni makusudi, kwa ajili ya jogoo. Chokaa nyingine weka pembeni kwenye kopo lake: magamba ya konokono wa baharini yaliyopondwa, au magamba ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kupondwa. Kuku anayetaga atayafuata mwenyewe, hasa jioni. Jogoo atapita zake. Ila isiwe chokaa ya kupaka nyumba, tafadhali. Kuna mtu ameuliza hilo wiki hii hii.

Premiksi ndiyo watu wanairuka kwa sababu ni kijiko tu na bei yake inauma. Kwa kuku wazazi hiyo ndiyo ya mwisho kuirusha. Ukipata ya kuku wazazi, kwenye mfuko inaandikwa breeder, chukua hiyo hata kama ya layers ni rahisi. Nunua pakiti ndogo ambayo haijaanikwa juani na uangalie tarehe. Juu yake ongeza majani kila siku: mchicha, matembele, mlonge, funga fungu lining'inie wadonoe. Kiini kitakuwa cha njano sana, wateja wanapenda picha hiyo, lakini usidanganyike, rangi ya kiini inatoka kwenye majani na mahindi ya njano na haithibitishi kwamba vitamini nyingine zote zipo.

Kuhusu kununua malighafi, hapa ndipo hela inapotea. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi haitoki na bei hupanda. Nunua kipindi cha giza. Ukipewa dagaa wa kuku, chukua konzi moja, tia kwenye ndoo ya maji, koroga, mwaga taratibu. Mchanga utabaki chini. Ukibaki mwingi, wewe ulikuwa unalisha kuku ufukwe. Mashudu ya alizeti yanapatikana vizuri Singida na Dodoma. Angalia yasiwe maganda matupu. Mashudu ya pamba waachie ng'ombe. Yana kitu kinaitwa gosipoli, kinabadilisha rangi ya kiini, na utotoleshaji unashuka. Soya mbichi pia usisage moja kwa moja, ina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe. Kaanga mpaka iwe rangi ya dhahabu na inukie.

Mahindi yenye ukungu hapana kabisa. Kuna tabia ya kusema "hayo yameharibika, wape kuku". Sumukuvu haitoki kwa kuosha wala kupika, inashambulia ini la kuku, inashusha kinga na mayai yanakufa. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, kwa hiyo siyo hadithi ya kutishana.

Kuna wale wa azola na chakula cha maji, wale wanaoposti trei za mimea ya kijani kibichi wakisema inapunguza gharama kwa nusu. Vizuri kwa majani. Lakini azola mbichi zaidi ya asilimia 90 ni maji. Kuku atajaza firigisi kabla hajapata protini. Funza na mchwa kwangu ni bora zaidi, ukiweza kuwapata kila siku.

Tupige hesabu, maana sisi ni wafanyabiashara. Bei hizi ni za mfano, weka za kwako. Tuseme chakula bora kinakuongezea shilingi 300 kwa kilo kuliko unacholisha sasa. Kilo 20 ni 6,000 zaidi. Tuseme kuku 10 wanakupa mayai 5 kwa siku, wiki mbili na siku moja ni mayai 75. Gawanya: shilingi 80 kwa yai.

Upande wa mteja sasa. Amenunua trei ya 30 kwa 800 kila yai, 24,000. Yakianguliwa 15, kila kifaranga kimemgharimu 1,600. Wewe ukipandisha yai mpaka 880 ili kufidia chakula, trei inakuwa 26,400, lakini yakianguliwa 22 kifaranga ni 1,200. Umepandisha bei na mteja amepata nafuu. Hiyo ndiyo hesabu ya kumwonyesha anayekuandikia "mbona fulani anauza 700".

Ila usibadilishe chakula Jumatatu ukaposti Jumatano. Kiini cha yai la leo kilianza kujengwa kama wiki moja na zaidi nyuma. Subiri wiki mbili kamili, mayai ya kipindi hicho uza ya kula. Kisha kusanya 20 au 30 ya kwako, yasizidi siku 7, yakae sehemu ya baridi kidogo, ncha nyembamba chini, uyatotoleshe mwenyewe au mpe jirani mwenye mashine. Pima kwa tochi siku ya 7 na ya 14, andika idadi. Wakati huo kuku wanaendelea kutaga, uza ya kula, usihesabu kama hasara.

Matokeo yakitoka ndiyo uandike tangazo, na namba ziwe ndani yake. Mfano: "Mayai ya tarehe 3 hadi 9. Kuku 10, jogoo 1. Mara ya mwisho niliweka 30, yenye mbegu 27, yaliyoanguliwa 23. Yakifika kwako yapumzishe siku nzima kabla ya kuweka kwenye mashine." Hilo la kupumzisha usiliache, hasa yakisafiri kwa basi usiku kucha. Na kila trei iandike tarehe kwa penseli, siyo kalamu ya wino, ili mteja akilalamika ujue ni mayai ya chakula kipi.

Mliopo Mbeya, Songea na Iringa ambako dagaa wanafika na bei ya nyama, mnaweka nini badala yake? Andikeni hapo chini na kipimo chake, nina wateja wa huko wananiuliza.