Pampu Haijafa, Umeme Ndio Haujafika

Stata inapiga, injini inazunguka, gari haliwaki. IST ikifanya hivyo kwenye foleni ya Mbagala saa kumi na mbili asubuhi, dereva hapewi nafasi ya kufikiri. Honi zinalia nyuma, kondakta wa daladala anamsema, na vijana watatu wameshaanza kulisukuma pembeni kabla hawajaombwa. Fundi wa kwanza kufika anainama dirishani: "Bosi, wese lipo?" Akiambiwa lipo, hukumu inatoka papo hapo: pampu imekufa.

Huenda kweli imekufa. Lakini hukumu hiyo hutolewa kabla shahidi hajasikilizwa, na faini yake hulipwa Gerezani, Kariakoo, au Shaurimoyo, Ilala, kwenye pampu zilizotumika kutoka Japani.

Kwenye Toyota ndogo nyingi za Dar es Salaam, pampu imezama ndani ya tangi, na mlango wake uko chini ya kiti cha nyuma. Kwa injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye baadhi ya Vitz na IST, kiwanda kinataka isukume petroli kwa mgandamizo wa kilopaskali 304 hadi 343. Umeme wake unatoka kwenye betri, unapita fyuzi na rilei inayosubiri amri ya kompyuta ya gari, kisha unasafiri kwa waya mrefu chini ya kapeti hadi nyuma. Kurudi, unapita kwenye bodi. Safari yote hiyo ina vituo vingi vya kuharibikia, na pampu ni kimoja tu.

Fundi umeme makini, awe Tandika au Mwananyamala, huanza na sikio. Hufungua mfuniko wa mafuta, mwenzake anapiga stata, naye husikiliza kama kuna mlio mwembamba tangini. Kukiwa kimya hukagua fyuzi, halafu huibadilisha rilei na ya honi kama zinafanana. Bado kimya? Hunyanyua kiti, huchomoa soketi ya pampu na kupima kwa mita huku stata ikipigwa.

Hapo ndipo mita inapowadanganya wengi. Inasoma volti 12 safi, fundi anaapa umeme upo. Tatizo ni kwamba mita haivuti umeme wa maana. Waya uliokatika nyuzi karibu zote ukabaki uzi mmoja utaifikishia mita volti zake bila shida. Mzigo wa ampea 4 ukianza kuvutwa, mambo yanageuka: ukinzani wa omu 1 tu kwenye kiungo kibovu unakula volti 4 njiani, na pampu inaunguruma kinyonge. Ndiyo maana wapo wanaoiweka mita kando na kuchomeka balbu ya taa kubwa, ya wati 55, ambayo huvuta karibu sawa na pampu. Ikiwaka nyeupe, njia ni nzima, na sasa pampu inaweza kushtakiwa. Ikiwaka njano kama koroboi, kesi iko kwenye waya au ethi.

Na kwa magari ya jiji hili, pa kuanzia kuchimba ni chini ya dashibodi. Gari lenye alamu ya kuongezewa, au lililokabidhiwa kwa dereva wa hesabu likiwa na kifaa cha kulifuatilia, huenda limekatwa waya wa pampu makusudi ili mwenye mali aweze kulizima akiwa mbali. Wazo si baya. Kinachoponza ni ufungaji: ncha mbili zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa teipu nyeusi. Joto linalegeza gundi, unyevu wa masika unaingia, shaba inaota ukungu wa kijani. Gari likishapita kwenye maji ya mafuriko na kapeti likakaa mbichi wiki nzima, viungo vya sakafuni navyo vinaanza safari hiyohiyo.

Pampu ikifa kweli, madereva wengi hulaumu mafuta machafu. Lawama hiyo ina historia: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji. Lakini mwenye gari naye ana lake. Petroli ndiyo inayoipoza pampu, na anayezoea kuweka mafuta ya elfu kumi, taa ya tangi ikiwaka kutwa, anaiacha ichemke.

Zipo pia pampu zenye kasoro ya kuzaliwa nayo. Mwaka 2020 Toyota iliita zaidi ya magari milioni 5 duniani kwa sababu ya pampu za mafuta, ambazo kipande chake cha plastiki kingeweza kuvimba na kukwama. Hapo balbu itawaka nyeupe kabisa.

Kwa IST ya Mbagala, dawa inaweza kuwa fupi: kukata sehemu iliyooza, kuunga waya mpya wa unene uleule kwa lehemu na kuuvika mpira. Tangi halifunguliwi, na hilo ni jema, maana mvuke wa petroli unahitaji cheche moja tu. Stata inapigwa, injini inashika. Kama dereva alishakimbilia Gerezani, pampu aliyoinunua itabaki kwenye buti, na risiti yake ina maneno ya muhuri: mali ikishauzwa hairudishwi.