Fahamu: GTX 1650 au RTX 3050, ipi itafaa kompyuta yako?
Ukiwa Uriri, kati ya Rongo na mji wa Migori, na unataka kuhariri video za harusi kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba, huenda umeshauriwa uchague kati ya kadi hizi mbili za grafiki za Nvidia.

GTX 1650 ilitoka Aprili 2019 ikiwa na viini 896 na kumbukumbu ya GB 4. RTX 3050 ya mwaka 2022 ina viini 2,560 na GB 8, na kumbukumbu yake hupitisha GB 224 za data kwa sekunde. Ya GTX 1650, katika toleo la kwanza, hupitisha GB 128. Kwa kasi, hakuna ubishi. Video za 4K nazo hujaza GB 4 upesi.

Lakini tazama umeme kwanza. GTX 1650 hutumia wati 75, na nyingi hupata umeme wote kupitia tundu la ubao mama. RTX 3050 ya GB 8 hutaka wati 130, hivyo huhitaji waya wake kutoka pawa saplai. Kompyuta nyingi zilizotoka maofisini hazina waya huo.

Ipo njia ya kati: RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024, hutumia wati 70 tu. Viini vyake vimepunguzwa hadi 2,304, ingawa jina ni lilelile, jambo linalowachanganya wanunuzi bure.

Kabla ya kutuma pesa, fungua kompyuta, usome kibandiko cha pawa saplai, kisha umuulize muuzaji: kadi hii ni ya GB ngapi?