KUONGEZA CHUMBA: UKUTA WA MATOFALI UNAOPUNGUZA JOTO

Nyumba nyingi za Unguja na Pemba huongezwa chumba kadiri familia inavyokua. Mara nyingi chumba hicho hujengwa popote penye nafasi, kwa safu moja ya matofali ya saruji ya nchi 6, kisha kikapigwa plasta na kuezekwa bati. Matokeo yake yanafahamika: watoto hulala wakitokwa na jasho, na feni huwashwa usiku kucha. Inafaa basi mwenye nyumba aelewe chanzo cha joto hilo kabla msingi haujachimbwa, kwani ukuta ukishasimama marekebisho huwa ya gharama.

Tofali la saruji ni zito na hupitisha joto kwa urahisi. Ukuta uliopigwa na jua la alasiri hulihifadhi joto hilo na kulitoa ndani saa kadhaa baadaye, yaani wakati wa kulala. Kwa kuwa visiwa hivi viko karibu na Ikweta, jua la mchana hupita karibu na utosi. Kuta zinazoathirika zaidi ni ile ya mashariki wakati wa asubuhi na ile ya magharibi wakati wa alasiri. Kwa hivyo, si lazima kuta zote nne zigharimiwe sawasawa; ukuta wa magharibi ndio wa kutangulizwa.

Wajenzi wa Mji Mkongwe walitumia mawe ya matumbawe na chokaa, wakajenga kuta zenye unene wa nusu mita na zaidi. Unene huo huchelewesha joto. Kwa matofali ya leo, njia iliyo nafuu zaidi ni kujenga kuta mbili zinazokwenda sambamba na kuacha hewa katikati, kwani hewa iliyotulia hupitisha joto kidogo sana.

Ukuta wa ndani, ubebao paa, hujengwa kwa matofali ya nchi 6, na wa nje kwa matofali ya nchi 4. Kati yake huachwa nafasi ya nchi 2. Unene wote ni nchi 12 kabla ya plasta, hivyo msingi lazima uchimbwe kwa upana unaolingana. Kuta hizo huunganishwa kwa vyuma visivyoshika kutu, vilivyopangwa takriban sentimita 90 kwa mlalo na sentimita 45 kwa wima. Chuma cha kawaida hakifai, kwa sababu hewa ya bahari hukila upesi.

Fundi ahakikishe kuwa udongo wa saruji hauangukii katikati, kwani ukijikusanya huwa daraja la kupitisha joto na unyevu. Ubao mwembamba uliofungwa kamba huwekwa juu ya vyuma ili kuupokea, kisha hupandishwa kadiri ukuta unavyopanda. Chini ya ukuta wa nje huachwa vitundu vya kutolea maji ya masika. Aidha, nafasi hiyo isijazwe makumbi wala takataka, maana hushika unyevu na kuita mchwa. Plastiki nyeupe nyepesi, kama ile ya masanduku ya samaki, huzuia joto vizuri, lakini hushika moto na kutoa moshi wenye sumu. Isiachwe wazi ndani ya chumba.

Pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani, usifungwe kwa saruji moja kwa moja. Msingi mpya hutitia, na nyufa hutokea hapo. Huachwa mwanya mwembamba unaozibwa kwa kitu chenye kunyumbuka.

Mchanga wa pwani usitumike. Chumvi yake huozesha vyuma na kubanjua plasta, na kuuchota huharibu fukwe. Matofali nayo yamwagiwe maji kwa siku zisizopungua 7 baada ya kufyatuliwa.

Ieleweke, hata hivyo, kwamba ukuta peke yake hautoshi. Bati lisilo na dari hushusha joto jingi kuliko ukuta wowote. Asiyemudu kuta mbili aanze na dari, apake chokaa nyeupe upande wa magharibi, arefushe upenu, na aweke madirisha yanayoelekeana ili upepo wa kusi na kaskazi upite.

Wananchi wanakumbushwa kupata kibali cha ujenzi kabla ya kuanza kazi. Kwa nyumba zilizomo Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, idhini ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ni ya lazima. Na kuta za chokaa zisipigwe plasta ya saruji, kwani hufungia unyevu ndani na kuudhoofisha ukuta.